Kwa nini grafu ya pau ianze na sifuri?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama mkazi wa Majengo, Moshi. Mwanangu yuko darasa la sita. Kwenye somo la sayansi alipanda maharage katika makopo matatu: la mchanga, la udongo wa shambani, na la udongo uliochanganywa na samadi. Baada ya siku 14 akapima miche, akapata sentimita 11, 18 na 21. Alichora grafu ya pau, imenyooka na ina rangi, ila mhimili wima aliuanzisha na 10 ili grafu itoshe kwenye ukurasa. Mwalimu wake amemkata alama na kuandika "anza na sifuri", basi. Mtoto amelia, na mimi sioni kosa kwa sababu namba zote ni sahihi. Halafu, atajuaje lini achore pau na lini achore mstari?

JIBU: Marahaba mama. Namba ni sahihi kabisa, na mpe pole kijana. Lakini mwalimu wake hakukosea, ila alipaswa kueleza.

Chukua rula upime pau alizochora. Tuseme sentimita moja ya karatasi inawakilisha sentimita moja ya mche. Kwa kuwa alianzia 10, upau wa mchanga una urefu wa sentimita 1 na ule wa samadi sentimita 11. Anayeitazama grafu ile anaona samadi imezidi mchanga mara kumi na moja. Kwenye makopo yenyewe, 21 haifiki hata mara mbili ya 11. Mtu akitazama grafu ya pau hasomi namba kwanza, analinganisha urefu. Upau ndio kipimo chenyewe, na ukiukata mguu umekata kipimo.

Kama bado ana shaka, achore milima yetu. Kibo mita 5,895, Mawenzi 5,149, na Meru ya jirani zetu wa Arusha 4,566. Akianzisha mhimili na 4,000, upau wa Kibo utasimama kwa 1,895 na wa Meru kwa 566, yaani Kibo itaonekana kuizidi Meru zaidi ya mara tatu! Aliyewahi kuiona Meru siku isiyo na mawingu anajua si kweli. Akianza na sifuri, ataona Kibo inaizidi Meru kwa chini ya theluthi moja ya urefu wa Meru.

Na nafasi ya ukurasa je? Hapo anabadilisha skeli, haondoi sifuri. Sentimita 1 ya karatasi iwakilishe sentimita 2 za mche. Pau zitakuwa na urefu wa 5.5, 9 na 10.5, na zitatosha vizuri kwenye daftari.

Sasa la pau na mstari. Ajiulize: kati ya kitu hiki na kinachofuata, kuna kitu katikati? Kati ya kopo la mchanga na kopo la samadi hakuna kitu, ni makopo tofauti, hivyo pau zinafaa, na ziachiwe nafasi kati yake. Lakini kama angepima mche uleule kila asubuhi, kati ya Jumatatu na Jumanne mche ulikuwa unaendelea kukua, na mstari ndio unaoonyesha huko kukua. Ndiyo maana mvua ya kila mwezi huchorwa kwa pau, kwani mvua ya Aprili ni jumla ya mwezi mzima, na joto huchorwa kwa mstari. Mstari hausomwi kwa urefu kutoka chini, unasomwa kwa kupanda na kushuka kwake. Kwa hiyo wenyewe unaweza kuanzia mbali na sifuri: joto la mgonjwa wa homa likichorwa kati ya nyuzi 35 na 41, hakuna anayedanganyika.

Tofauti hii ni ya zamani. Mskoti William Playfair alichora grafu ya pau mwaka 1786, ya biashara ya Uskoti na sehemu 17. Alikuwa amezoea kuchora mistari ya miaka mingi, lakini kwa Uskoti alikuwa na takwimu za mwaka mmoja tu. Mstari ungeunganisha nini na nini? Akatumia pau.

Kuna jambo ambalo hukuuliza, nami siwezi kuliacha kwa sababu naliona zito kuliko lile la sifuri. Kila kopo lilikuwa na mche mmoja au mingapi? Kama ni mmoja, hatujui kama ni samadi iliyosaidia au ni punje moja tu iliyokuwa nzuri. Apande punje tano kila kopo, kisha achore wastani. Hata wastani nao unaficha. Kopo lenye miche ya 17, 18, 18, 18 na 19 lina wastani wa 18. Lenye 6, 20, 21, 21 na 22 nalo ni 18. Pau zitalingana kabisa, kumbe katika kopo la pili mche mmoja umedumaa, pengine mzizi umeoza, na minne imelipita kopo la kwanza. Mimi huwaambia wanafunzi wangu waweke nukta ndogo juu ya upau, moja kwa kila mche. Kazi ya dakika mbili, na msomaji anaona yote.

Akirudia, kichwa cha grafu kiseme "Urefu wa miche ya maharage siku ya 14", mhimili wima uandikwe "Urefu (sm)", na chini ya kila upau aandike aina ya udongo na idadi ya miche aliyopima. Upana wa pau uwe sawa zote. Rangi aache kama alivyoweka.