Hoja zimechelewa siku tatu, hakimu amezikataa

SWALI: Ndugu mwanasheria, habari za kazi. Nimefungua shauri la madai Mahakama ya Wilaya ya Mufindi nikidai malipo ya mbao. Mdaiwa kaweka pingamizi la awali, yaani hoja ya kisheria ya kutaka kesi iondolewe kabla ya kusikilizwa, na hakimu akaamuru libishaniwe kwa maandishi: wao walete hoja tarehe 4, mimi nijibu tarehe 18. Nilipeleka tarehe 21. Zimekataliwa na siku ya uamuzi imeshapangwa. Je, kesi yangu imekufa?
Msomaji, Mafinga

JIBU: Bado, ndugu yangu, ila siku za kuinusuru ni chache. Hakimu akiagiza hoja ziletwe kwa maandishi, ile tarehe 18 ndiyo siku yako ya kusikilizwa. Kutozileta ni sawa na kuitwa mahakamani ukaacha kwenda. Mahakama ya Rufani ilishasema hivyo katika shauri la Shirika la Bima la Taifa dhidi ya Shengena Limited, Maombi ya Madai Na. 20 ya 2007. Hoja zilizoletwa nje ya muda bila ruhusa hazisomwi, hata ziwe nzito namna gani.

Una nafuu moja: pingamizi si lako. Angechelewa mdaiwa, lingetupwa kwa kushindwa kuliendesha. Kwa kuwa wewe ni mjibu hoja, hakimu ataamua kwa kusoma upande mmoja, lakini bado anapaswa kujiridhisha kwamba pingamizi lina mashiko kisheria. Asipoliona hivyo, kesi inaendelea.

Usikae kungoja hilo. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, inamruhusu hakimu kuongeza muda aliouweka mwenyewe, hata ukiwa umeshapita. Peleka maombi wiki hii, yakiungwa mkono na hati ya kiapo, kabla uamuzi haujasomwa. Wengi huanguka kwenye kiapo hicho. Wanaapa "nilikuwa naumwa", basi. Eleza tarehe 18, 19, 20 na 21, kila moja peke yake. Ulilazwa? Ambatisha karatasi ya hospitali yenye tarehe. Basi lilikwama Kitonga kwa sababu ya lori lililoanguka? Weka tiketi, kisha useme kwa nini hukupeleka kesho yake. Kama aliyechelewesha ni karani wa wakili, karani huyo aape kiapo chake mwenyewe, maana maneno yake yakisemwa na wewe ni ya kusikia tu. Na "wakili wangu alisahau" haikuokoi: uzembe wa wakili kwa kawaida mahakama haiuhesabu kuwa sababu ya msingi. Hata ukikubaliwa, unaweza kuamriwa kumlipa mwenzako gharama.

Uamuzi ukikuendea vibaya, angalia amri ya mwisho imesema nini. Shauri likiondoshwa mahakamani kwa kasoro inayorekebishika, irekebishe ufungue upya, mradi miaka 6 ya madai ya mkataba haijaisha tangu haki yako ya kudai ilipoanza. Likitupwa, hulifungui tena; njia ni rufaa Mahakama Kuu, Iringa, ndani ya siku 90. Omba kwa barua nakala za uamuzi na amri siku hiyohiyo, na ubaki na nakala ya barua yenye mhuri wa kupokelewa. Siku za kungojea nakala huondolewa kwenye hesabu ya 90, na mhuri ule ndio utakaoonyesha ulianza kungoja lini.