Kabla hujapeleka ankara ya kwanza serikalini: jina, akaunti na TIN visipishane

Hapa Dodoma, mwenye duka la vifaa vya ofisi pale Majengo, fundi wa viyoyozi wa Area D na mama anayepeleka chai na vitafunwa kwenye vikao vya Mtumba wana jambo moja linalowaunganisha wakishauzia wizara. Fedha yao inaandaliwa kwenye MUSE, mfumo wa malipo wa Serikali, inapita Benki Kuu kwa njia ya TISS, mfumo wa kuhamisha fedha kati ya benki, kisha inaingia kwenye akaunti iliyosajiliwa kwa jina lao. Zamani hundi ikikosewa jina ulirudi nayo dirishani ikaandikwa upya. Siku hizi kosa la herufi moja linaweza kurudisha fedha ilikotoka, na wewe hujui mpaka uanze kuulizia. Mzigo umeshapokelewa, mwenye duka la jumla anadai chake, na kinachokwamisha ni sifuri moja. Inauma, maana ni kosa la kuzuilika kwa nusu saa ya kukaa na karatasi zako.

Tuanze na jina, kwa sababu hapo ndipo wengi wanakwama. Chukua cheti cha BRELA (wakala wa usajili wa biashara), cheti cha TIN (namba ya mlipakodi), leseni ya biashara na taarifa ya akaunti ya benki, uzipange mezani. Soma jina kwenye kila moja, herufi kwa herufi. Cheti kikisema "Enterprises" na benki ikaandika "Ent.", hayo ni majina mawili. "Company Limited" na "Co. Ltd" vilevile. Jina la tatu la mwenye biashara likiwa limeandikwa kamili kwenye TIN na kwa herufi ya kwanza tu benki, nalo lirekebishwe. Cheti cha BRELA ndicho kiongoze, hivyo nenda nacho benki uombe jina la akaunti lifanane nacho. Fanya hivyo kabla hujaomba kazi kwenye NeST, mfumo wa manunuzi wa Serikali, maana huko nako usajili unaanzia kwenye TIN yako, na taarifa ukizianza vibaya zitakufuata mpaka kwenye mkataba.

Wenye jina la biashara bila kampuni wawe makini zaidi. Kampuni ni mtu kisheria, ina TIN yake. Jina la biashara halina nafsi yake. Nyuma yake yupo mtu, na TIN inabeba jina la mtu huyo. Ndiyo maana benki huandika jina la mwenye biashara, halafu "T/A" (yaani anafanya biashara kwa jina la), halafu jina la duka. Kwenye fomu ya mzabuni andika mstari huo wote kama ulivyo benki. Ukiandika jina la duka peke yake kwa kuwa ndilo lililo kwenye kibao cha nje, umeshajitengenezea usumbufu.

Baada ya jina, namba. Kwa kawaida akaunti ya NMB ina tarakimu 11, ya NBC 12 na ya CRDB 13. Hesabu kwa kidole. Akaunti nyingi za CRDB na NBC zinaanza na sifuri, na hapo ndipo Excel inapoharibu: ukiandika namba kwenye kisanduku cha kawaida, sifuri ya mwanzo inafutwa, na namba ndefu inaweza kugeuka kitu kama 1.5E+11. Kabla ya kuandika, badili kisanduku kiwe cha maandishi, au tanguliza alama ya ritifaa (') mbele ya namba. Baadhi ya akaunti za CRDB zina herufi J katikati ya tarakimu. Usidhani ni uchafu wa mashine ya kuchapa ukaiondoa.

Fomu nyingi huuliza pia msimbo wa SWIFT, unaoitambulisha benki yako. Una herufi 8, au 11 ukitaja tawi. Wa NMB ni NMIBTZTZ na wa CRDB ni CORUTZTZ. Watu huuchanganya na namba ya tawi, ambayo ni kitu kingine. Kwenye sarafu andika TZS, na hakikisha akaunti uliyoitoa ni ya shilingi. Wenye akaunti mbili, moja ya dola, hukosea hapa mara nyingi. Namba ya simu au Lipa Namba usiiweke mahali pa akaunti hata kama wateja wako wote wa dukani wanalipa kwayo.

Sasa uthibitisho. Omba benki barua yenye nembo na muhuri inayotaja jina la akaunti, namba, tawi na sarafu. Picha ya kadi ya benki haitoshi: namba iliyo mbele ya kadi ni ya kadi, si ya akaunti. Akaunti ambayo haijaguswa muda mrefu iamshe kwanza kwa kuweka na kutoa fedha kidogo, kwa sababu iliyolala inaweza kukataa kupokea.

Fomu ikishaingizwa kwenye mfumo, mwombe mhasibu akusomee namba kutoka kwenye skrini yake, tarakimu tatu tatu, huku wewe ukifuatisha kwenye barua ya benki. Usimsomee wewe, maana atasikia anachotarajia kusikia. Mwombe kwa adabu: "Samahani dada, naomba unisomee kama ilivyokaa hapo kwako." Dakika mbili hizo zina thamani kuliko kitu kingine chochote tulichoandika hapa, hasa kwa anayetoka Kondoa au Mpwapwa ambaye kila marekebisho kwake ni nauli na pengine kulala mjini.

Ankara yenyewe iwe na namba isiyojirudia, tarehe, namba ya LPO (hati ya taasisi ya kuagiza mzigo), TIN yako, jina la taasisi kama lilivyo kwenye LPO, na taarifa za benki zilezile ulizosajili. Mistari ya bidhaa ifuate LPO: ikisema "rimu 40", usiandike "boksi 8" hata kama ni karatasi zilezile. Ambatisha hati ya kupokelea mzigo iliyosainiwa. Ukiskani kwa simu, weka karatasi zote kwenye faili moja la PDF, zimenyooka, muhuri unasomeka.

Makato yasikushtue. Usipokuwa umesajiliwa VAT, usiongeze asilimia 18. Serikali inaponunua bidhaa huzuia kodi ya asilimia 2, hivyo ankara ya shilingi 5,000,000 huingia benki 4,900,000. Huduma huzuiwa asilimia 5. Kwenye ujenzi thamani hugawanywa 3 kwa 2 kati ya vifaa na kazi, na asilimia 5 inakatwa upande wa kazi: kwenye 10,000,000, kazi ni 4,000,000 na makato ni 200,000. Wapo wanaoona pungufu hilo wakadhani wameibiwa. Dai hati ya zuio la kodi uitunze, kwa sababu kiasi hicho kinahesabika kwenye kodi yako ya mapato. Aliyesajiliwa VAT ana hesabu zake za ziada, na amuulize mhasibu mapema risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi) inahitajika lini. Ukiitoa Machi, ritani ya VAT ya mwezi huo inatakiwa ifikapo tarehe 20 Aprili, hata kama hujalipwa.

Kubadili akaunti kufanywe kwa uangalifu kuliko kusajili. Andika barua yenye nembo, isainiwe na wenye mamlaka ya kusaini benki, uipeleke mwenyewe pamoja na barua ya benki mpya. Kama benki ilikukopesha kwa dhamana ya LPO, malipo ya LPO hiyo yameshaahidiwa kwenye akaunti ya benki hiyo. Usiyahamishe bila kuzungumza nao.

Na kwa wahasibu wa upande wa pili, tafadhali: kila mtu anaijua ile meseji ya "hiyo hela itume kwenye namba hii". Barua pepe ya kubadili akaunti ya mzabuni ni ndugu yake. Mpigie mzabuni kwa namba iliyo kwenye faili la zamani. Iliyo kwenye barua mpya usiitumie, maana tapeli ataipokea mwenyewe na kukuthibitishia. Anayeingiza mabadiliko na anayeyaidhinisha wawe watu wawili.

Ukiambiwa umelipwa na huoni kitu, omba tarehe na kumbukumbu namba ya muamala, uipeleke benki. Benki ikisema haikupokea, rudi na jibu hilo kwa mhasibu aangalie kama fedha ilirudi, na uombe kwa maandishi taarifa zirekebishwe kabla ya kulipwa upya. Fuatilia haraka ikikaribia tarehe 30 Juni, mwaka wa fedha unapofungwa. Fedha iliyorudi siku hizo inaweza kugeuka deni la mwaka unaofuata. Akaunti ya zamani iache wazi mpaka ankara ya mwisho iliyoitaja iwe imeingia.