Ukumbi wa zilipendwa ndani ya kiwanda cha korosho

SWALI: Shikamoo Babu Fundi. Mimi na wenzangu tunataka kukodi kiwanda cha zamani cha kubangua korosho hapa Mtwara, tukigeuze ukumbi wa zilipendwa: santuri, dansi la zamani, nyama choma nje. Mwenye jengo anasema tupake rangi tu tuanze. Ushauri wako? — Msomaji, Shangani

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu. Rangi iwe ya mwisho. Viwanda hivi vya miaka ya 1970, vya mkopo wa Benki ya Dunia, nimevitumikia kwenye boila, na kinachonitia wasiwasi ni sakafu.

Ganda la korosho lina mafuta meusi yanayounguza ngozi. Waulize akina mama waliobangua kwa mkono. Mashine zilikaanga korosho ndani ya mafuta hayo hayo yakiwa ya moto, na yaliyomwagika yakanywewa na sakafu. Kagueni palipokuwa na kikaango: mkiona zege jeusi linalong'aa kama lami, vaeni glavu na mabuti, mlichimbue hadi mfikie zege safi, ndipo mmwage jipya. Na hiyo nyama choma: rundo la maganda mtakalolikuta nyuma ya jengo msilifanye kuni. Moshi wake unawasha macho na koo, wateja watakimbia kabla ya pilau.

Paani pandeni na sumaku. Ikinasa ni bati, mtapambana na kutu tu. Isiponasa, na shiti ni nene, la kijivu, dhanieni asbesto, madini ya nyuzi ambayo vumbi lake huharibu mapafu: msitoboe kutundika taa, msifagie vumbi lake kavu, waiteni NEMC, watu wa serikali wa mazingira, kwanza. Milango yote ifunguke kwa nje. Zimamoto watawauliza hilo.

Mkataba uwe wa miaka mingi, nanyi mwione hati kwa macho yenu. Vingi vya viwanda hivi viliuzwa na serikali, na si kila anayeshika funguo ndiye mwenye mali.

Boila msiwape watu wa chuma chakavu! London walipogeuza kituo cha umeme cha Bankside kuwa jumba la sanaa la Tate Modern mwaka 2000, ukumbi wa mitambo waliuacha na ukubwa wake, na ndio watu wanaoushangaa. Jukwaa liwe mbele ya boila. Mwangwi wa bati utaharibu gitaa la Mbaraka Mwinshehe, kwa hiyo tundikeni magunia ya korosho ukutani, mbali na taa zinazopata moto.