Wasomaji Wanauliza: Shaba, Moshi na Maji katika Stesheni ya Hoboken

Picha ya stesheni ya Hoboken, ng'ambo ya jiji la New York, tuliyoitoa toleo lililopita imetuletea barua nyingi, na nyingi zimeandikwa na mafundi. Tumezifupisha na kujibu zile zinazogusa jengo lenyewe.

Mimi si mtu wa reli. Kwa nini stesheni kubwa namna hii ijengwe ukingoni mwa mto, badala ya treni kuingia New York penyewe?

Kwa sababu treni za Lackawanna, kampuni ya reli iliyoijenga stesheni hii, hazikuwa na njia ya kuvuka mto Hudson. Hapo Hoboken mto una upana wa zaidi ya kilomita moja, na karibu kampuni zote za reli zilizotoka magharibi zilikomea upande huo wa New Jersey. Kampuni ya Pennsylvania ndiyo iliyochimba handaki chini ya mto na kuanza kulitumia mwaka 1910. Lackawanna haikuchimba. Ilijenga pantoni.

Kwa hiyo hapo pana stesheni mbili zilizogandana mgongo kwa mgongo: moja ya treni, nyingine ya vivuko, na ukumbi wa kungojea katikati. Mfanyakazi aliyetoka Montclair au Morristown asubuhi alishuka kwenye behewa, akakata ukumbi kwa miguu, akapanda pantoni. Ukilijua hilo utaelewa kwa nini uso mzuri wa jengo unatazama mto. Ukifika kutoka upande wa mji unaweza kulipita ukadhani ni ghala lenye mapambo.

Jengo lilifunguliwa tarehe 25 Februari 1907, likichukua nafasi ya lile lililoungua mwaka 1905. Msanifu wake alikuwa Kenneth Murchison. Februari 1908 ikaja treni ya chini ya mto kwenda Manhattan, ambayo leo inaitwa PATH, na kuanzia hapo pantoni zilianza kupoteza abiria kidogo kidogo. Ya mwisho iliondoka Novemba 1967. Vivuko vilirudi Hoboken mwaka 1989 kwenye gati la pembeni, na Desemba 2011 vikaingia tena katika vituo vyao vya zamani baada ya kukarabatiwa.

Mimi ni fundi mabati. Je, ile rangi ya kijani iliyo nje ya jengo ni shaba au rangi ya kopo? Na ni kweli kwamba shaba yenyewe ni masalio ya Sanamu ya Uhuru?

Ni shaba, na ukijani ni kutu yake. Tusichoafiki ni hilo la masalio. Mabamba ya Sanamu yalifuliwa Paris, yakafika New York mwaka 1885. Jengo hili lilivikwa shaba miaka ishirini hivi baadaye. Vinavyofanana ni ufundi na adui. Ufundi ni bamba jembamba lililofuliwa mapambo na kushikwa na mifupa ya chuma iliyo nyuma yake. Adui ni hewa ya chumvi.

Kwa fundi, la kujifunza liko nyuma ya bamba. Shaba na chuma vikigusana palipo na maji ya chumvi, chuma ndicho kinacholiwa. Na uwiano wa ukubwa una uzito wake: bamba pana la shaba lililopigwa kwa misumari midogo ya chuma litaimaliza misumari hiyo haraka, wakati bamba la chuma lenye misumari ya shaba hukaa muda mrefu zaidi. Kutu ya chuma nayo huvimba, ikasukuma bamba hadi ribiti zikang'oka. Ndivyo ilivyokuwa ndani ya Sanamu, hata katika ukarabati wa miaka ya 1980 mifupa iliyogusana na shaba ikabadilishwa na kuwekwa ya chuma kisichoshika kutu.

Kwa hiyo ukiitwa kutengeneza jengo la namna hii, kwanza fungua bamba moja uangalie nyuma kabla ya kutaja bei. Misumari na vishikizo viwe vya shaba au vya chuma kisichoshika kutu, na kila panapogusana na chuma cha zamani weka kitenganishi kisichopitisha maji. Usiunge kila kiungo kwa lehemu. Bamba la mita 3, joto likibadilika nyuzi 50 kati ya baridi kali na jua la kiangazi, hurefuka kama milimita 2.5. Lisipopata pa kuchezea litapasuka pembeni mwa lehemu, na mwenye jengo atakulaumu wewe. Viungo vya kukunja juu ya vishikizo ndivyo vinavyoliachia nafasi. Angalia pia maji yanakodondokea: maji yaliyopita juu ya shaba yakiangukia mfereji wa bati lenye zinki, bati hilo litatoboka.

Ukijani wenyewe usiuguse. Ni ngozi iliyochukua miongo kujijenga na ndiyo inayolinda kilichobaki. Kiraka kipya kitakuwa chekundu, kisha kahawia, na kitaonekana kiraka kwa miaka mingi. Wapo wanaokipaka dawa ya kukifanya kijani siku hiyo hiyo. Ngozi hiyo ya haraka mara nyingi hubanduka, na kwa maoni yetu kiraka kinachoonekana ni afadhali.

Paa la majukwaa lina mipasuko mirefu juu ya kila njia ya reli, na mvua inaingia. Ni kosa la ujenzi?

Siyo kosa hata kidogo. Hiyo ndiyo sehemu ya stesheni iliyoigwa kwingine.

Kabla ya hapo stesheni kubwa zilijengewa paa moja refu la upinde, chuma na vioo, juu ya njia zote. Moshi wa makaa ya mawe ulipanda ukajaa huko juu. Makaa yana salfa. Moshi wake ukikutana na unyevu hugeuka asidi, na asidi hiyo ilitafuna chuma mahali ambapo mpaka rangi hafiki bila jukwaa la gharama. Vioo vilipata giza, vingine vikaanguka.

Lincoln Bush, mhandisi mkuu wa Lackawanna, aligeuza hesabu. Badala ya kuupa moshi nafasi kubwa ya kupandia, aliunyima nafasi kabisa. Paa likashushwa hadi juu kidogo tu ya dohani la kichwa cha treni. Nguzo zikasimama katikati ya majukwaa, na juu ya kila njia ukaachwa mpasuko ulio wazi kwa mbingu. Dohani hupita chini ya mpasuko, moshi unatoka moja kwa moja. Kingo za mpasuko ni za zege, kwa kuwa ndizo zinazopigwa na moshi, na sehemu za paa zilizo kati ya mipasuko zina vioo vya kuingiza mwanga. Mvua inayoingia inaangukia njia ya reli, si abiria. Hoboken ndiyo iliyopata paa hilo kwanza, na stesheni nyingine kubwa za Marekani zikafuata.

Moshi wa makaa umekwisha, ila vichwa vya dizeli bado vinaingia, kwa hiyo mipasuko haijakosa kazi. Ugonjwa wa paa la aina hii ni mwingine: maji hupenya kwenye kingo za zege, nondo zinashika kutu, kutu inavimba na kumenya zege kutoka ndani. Kiraka cha kupaka juu hudumu msimu mmoja au miwili. Gonga kwa nyundo ndogo ujue panapolia tupu, vunja hadi upite nyuma ya nondo kama sentimita 2, safisha nondo mpaka ing'ae pande zote, ndipo ujaze kwa mota yenye nguvu inayokaribiana na zege la zamani. Mota ngumu kupita kiasi hujitenga, ikaanguka bamba zima. Iwapo nondo imeliwa robo ya eneo la mkato wake au zaidi, usiendelee kabla mhandisi hajakuambia kama inatosha au iongezwe nyingine pembeni.

Nimesoma kwamba dari la vioo vya rangi kwenye ukumbi wa kungojea lilikuwa jeusi kwa miaka mingi. Lilisafishwaje bila kuvunjika?

Dari hilo, ambalo huhusishwa na Louis Comfort Tiffany, fundi maarufu wa vioo vya rangi wa Marekani, lilifunikwa weusi wakati wa Vita Kuu ya Pili ili mwanga usionekane usiku kutoka angani. Vita vikaisha, weusi ukabaki, na abiria wa kizazi kizima walikaa chini yake wakidhani ni dari la kawaida. Mwanga ulirudi ukumbi ulipokarabatiwa, mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Kazi ya namna hiyo huanza kwa kuchora. Kila paneli hupewa namba na kupigwa picha kabla haijashushwa, maana paneli mbili zinazofanana machoni huwa hazibadilishani nafasi. Kisha huchaguliwa kona isiyoonekana kujaribia kiyeyushi kwa pamba, huku ikitazamwa kama kuna rangi iliyochomwa juu ya kioo. Ikiwepo, upande huo hausuguliwi. Weusi uliolainika huinuliwa kwa kijiti cha mti au cha plastiki. Anayeshika kisu cha chuma atafuta weusi na historia kwa pamoja.

Tatizo linalosahaulika ni madini ya risasi yanayoshika vipande vya kioo. Kwenye dirisha lililosimama, uzito wa kioo hukaa juu ya kioo kilicho chini yake. Kwenye dari uzito wote unaning'inia kwenye risasi, nayo risasi ni laini: hulegea polepole hata bila joto kali, paneli ikashuka tumbo. Kwa hiyo chini ya paneli huwekwa fito za chuma za kubebea, na juu yake kioo cha kawaida cha kuzuia mvua. Kati ya vioo hivyo viwili lazima pawe na mwanya unaopitisha hewa, la sivyo mvuke utageuka maji humo na kudondoka. Vumbi la risasi ni sumu: barakoa inayochuja, kunawa kabla ya kula, na nguo za kazi zisiende nyumbani.

Ni kweli Thomas Edison aliendesha treni hapo?

Kweli. Septemba 1930, akiwa na umri wa miaka 83, aliishika mitambo ya treni ya kwanza ya umeme kutoka Hoboken kwenda Montclair. Mabehewa yale yalitumia mkondo mnyoofu (DC) wa volti 3,000 na yaliendelea kubeba wafanyakazi hadi Agosti 1984, miaka 54, ndipo njia ikageuzwa kuwa mkondo geu (AC) wa volti 25,000.

Sababu ya kubadili ni hesabu ya darasani. Treni inayohitaji megawati 3 huvuta ampea 1,000 kwa volti 3,000, na ampea 120 tu kwa volti 25,000. Upotevu kwenye waya hukua kwa mraba wa mkondo, kwa hiyo kwenye waya ule ule hupungua karibu mara 70. Vituo vya umeme vinaweza kukaa mbali mbali, na waya unaweza kuwa mwembamba.

Kimbunga Sandy kililifanya nini jengo? Naishi pwani, nyumba yetu ya zamani huingiliwa na bahari, kwa hiyo siulizi kwa kupenda hadithi tu.

Usiku wa tarehe 29 Oktoba 2012 Hudson iliingia ukumbini na kushuka hadi kwenye treni ya chini ya ardhi. PATH haikurudi Hoboken hadi tarehe 19 Desemba.

Kwako wewe, elewa kwamba maji yakiondoka madhara hayajaisha, kwa sababu chumvi imebaki. Siku za kwanza osha kila kitu kwa maji baridi matamu kungali kubichi, kuta, sakafu na mbao, mara mbili au tatu. Fungua mbao za chini za kuta ili hewa ipite nyuma. Usilete mashine za joto: mbao za zamani zikikaushwa haraka hupasuka na kujipinda, na plasta hutokwa na unga mweupe ambao ni chumvi ikiganda na kuisukuma ngozi ya ukuta. Feni na madirisha wazi vinatosha, kwa wiki nyingi. Usipake vanishi mpaka kipimo cha unyevu wa mbao kisome asilimia 15 au chini yake. Ukuta unaoendelea kutoa unga upigwe brashi kavu kila mara. Ukiuosha tena unairudisha chumvi ndani. Swichi na vikata umeme vilivyozama kwenye maji ya chumvi usivikaushe uvirudishe. Vinaweza kufanya kazi leo na kuwaka moto mwezi ujao. Badilisha, na vipya vifungwe juu ya alama ya maji.

Nguzo za mbao za gatini ni habari nyingine. Sehemu inayokaa majini daima hudumu sana. Inayooza ni ile inayolowa na kukauka maji yakijaa na kupwa. Na Hudson ilipoanza kusafishwa walirudi wadudu wanaotoboa mbao, ambao wenye majahazi hawahitaji kuelezwa. Uchafu ulikuwa umewafukuza kwa miongo. Siku hizi mzamiaji hukagua nguzo kwa kugonga na kuchoma kwa bisibisi, na iliyoanza kuliwa huvishwa koti la zege au plastiki.

Mnara wa saa ni ule ule wa 1907?

Hapana. Wa kwanza, wenye urefu wa karibu mita 69, uliondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1950 baada ya kudhoofishwa na hali ya hewa. Unaouona ni nakala iliyosimamishwa mwaka 2007, jengo lilipotimiza miaka mia. Herufi za shaba za LACKAWANNA zilizopo juu yake zina kimo cha mita 1.2 hivi kila moja na huwashwa usiku. Zinasomeka vizuri zaidi ukiwa kwenye pantoni ukitokea Manhattan jioni.