Mkutano Geneva, mapumziko Paris, watoto kwa bibi: maswali yenu ya safari

Barua nyingi tulizoletewa zinazunguka jambo moja: mwenzangu anaitwa Ulaya kikazi, nami nataka kumfuata ili tupumzike kidogo, watoto wabaki nyumbani. Wengi wameitaja Geneva, kwa hiyo majibu yamejengwa juu ya Geneva.

Mume wangu ana mkutano wa siku nne Geneva mwezi Juni. Baada ya hapo tungependa siku chache za Paris. Mwaliko una jina lake tu. Je, yeye aombe viza Uswisi, nami niombe Ufaransa kama mtalii? — *Mama Warda, Tanga*

Msiombe mbalimbali, Mama Warda. Kila ofisi itataka kujua mwenzio yuko wapi, na tarehe zenu zikipishana hata kwa siku moja, mmeshajitafutia maswali.

Lakini hofu yako ina msingi. Viza ya Schengen, yaani viza moja inayotumika Uswisi, Ufaransa na nchi nyingine nyingi za Ulaya, huombwa katika nchi ambayo ni kituo kikuu cha safari, na kituo kikuu hupimwa kwa idadi ya siku au kwa sababu ya safari. Mumeo ana sababu inayompeleka Uswisi. Wewe ni mtalii kote kuwili, kwa hiyo kwako zinahesabiwa siku tu. Mkilala Geneva usiku tano na Paris usiku sita, yeye ni wa Uswisi na wewe ni wa Ufaransa, na hapo ndipo wanandoa wengi hukwama.

Dawa yake ni kupanga siku ili Uswisi iwe nyingi kwenu wote. Fikeni Geneva Jumapili, mkutano uwe Jumatatu hadi Alhamisi, kisha Ijumaa na Jumamosi mbaki upande huohuo wa Ziwa Geneva. Lausanne ni kama dakika 40 kwa treni, Montreux ni kama saa moja, na ngome ya Chillon iko jirani na Montreux. Jumapili ya pili mpande TGV, treni ya kasi, ya moja kwa moja hadi Paris, stesheni ya Gare de Lyon, safari ya saa tatu na dakika chache, na Alhamisi mrudi nyumbani kutokea Paris. Hizo ni usiku saba Uswisi na nne Ufaransa, jumla siku 12 ukihesabu ya kuingia na ya kutoka, maana zote mbili huhesabiwa.

Fomu inaruhusu sababu zaidi ya moja. Mumeo aweke alama kwenye shughuli za kikazi na kwenye utalii pia. Kuificha likizo ni kosa la kijinga: mwaliko unasema mkutano unaisha Alhamisi, tiketi inasema anarudi Alhamisi inayofuata, na afisa anaziona karatasi zote mbili kwa pamoja. Barua ya mwajiri wake itamke kwamba ofisi inamgharimia mpaka siku fulani, na kuanzia siku inayofuata yuko likizo kwa gharama zake.

Kwa upande wako, ambatisha cheti cha ndoa, nakala ya mwaliko wake, hoteli zenye majina yenu wote wawili, na barua yake ya kukudhamini kama ndiye anayelipa. Kama una kazi, leta barua ya mwajiri na ya ruhusa ya likizo. Kama una biashara, leta leseni na namba ya mlipakodi. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto wanaobaki, pamoja na barua ya shule yao, ni ushahidi mzuri kwamba mna cha kuwarudisha nyumbani, na ajabu ni kwamba watu wengi huviacha kabatini. Taarifa ya benki ionyeshe mwendo wa kawaida wa miezi kadhaa. Milioni kadhaa zikiingia kwa mkupuo wiki moja kabla ya ombi, bila maelezo, zinaonekana za kuazima.

Ada ni yuro 90 kwa kila mtu mzima, pamoja na malipo ya kituo kinachopokea maombi, na mkinyimwa hairudi. Mnaweza kuomba kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Uamuzi kwa kawaida huchukua siku 15, ila unaweza kufika 45. Anzeni wiki kumi kabla, kwa sababu kwa safari za Juni nafasi za miadi huwa za kugombania. Pasipoti hubaki kwao muda wote huo, basi mumeo asipange safari nyingine ya kikazi katikati. Iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe na kurasa mbili tupu, na ibaki hai miezi mitatu baada ya siku ya kuondoka Ulaya.

Viza ikitoka, someni stika hapohapo dirishani. Kuna tarehe za mwanzo na mwisho, halafu kuna idadi ya siku. Stika inaweza kuonyesha tarehe 1 hadi 28 Juni na bado ikawapa siku 12 tu. Zinazowabana ni hizo 12. Tangu Oktoba 2025 Ulaya ilianza kusajili kuingia na kutoka kwa kompyuta, kwa picha ya uso na alama za vidole, kwa hiyo siku ya ziada haipotei tena kwenye muhuri uliofifia.

Mimi ni mtumishi wa umma. Ofisi inanikatia tiketi na kunipa posho. Nikiongeza wiki ya mapumziko na mke wangu, nani alipe nini? — *Msomaji, Dodoma*

Chukulia kwamba ni safari mbili zilizoshonwa pamoja, na mshono uonekane kwenye kila karatasi. Kibali cha kusafiri nje kitaje tarehe zote, na likizo iombwe na ikubaliwe kwa maandishi kabla tiketi haijakatwa. Ukiomba ukiwa umeshafika Geneva, hiyo itaitwa utoro.

Kwenye tiketi, siku ileile ya kununua chukua bei mbili: ya kurudi mara mkutano unapoisha, na ya kurudi baada ya likizo. Zichapishe zikiwa na tarehe. Ya pili ikizidi, tofauti ni yako. Ikiwa sawa au chini, mhasibu anahitaji ushahidi huo wakati wa kurejesha masurufu, na ukingoja wiki mbili bei ile ya kulinganisha hutaipata tena. Uliza pia bei ya kuingilia Geneva na kutokea Paris. Mara nyingi haipishani sana na ya kwenda na kurudi mji mmoja, nayo inakuokolea nauli ya treni ya kurudi nyuma.

Posho inakoma pamoja na kazi. Mkutano ukiisha Alhamisi, usiku wa Ijumaa ni wako.

Chumba ni suala la kuuliza mapema. Hoteli nyingi hutoza watu wawili zaidi ya mmoja, halafu kuna kifungua kinywa na kodi ya mji, ambayo Geneva hutozwa kwa kila mtu kwa kila usiku. Omba ankara mbili: moja ya chumba cha mtu mmoja kwa siku za mkutano, ya ofisi, na nyingine ya nyongeza zote, uilipe kwa kadi yako. Usimwingize mkeo kimyakimya. Pamoja na aibu ya kuulizwa mapokezi, atakosa kadi ya usafiri ambayo kila mgeni wa hoteli Geneva hupewa bure, inayotumika kwenye tramu, mabasi na treni ya kwenda uwanja wa ndege.

Mambo mawili husahaulika. La kwanza, bima ya ofisi hufunika siku za kazi na mfanyakazi peke yake. Viza inadai bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000 kwa siku zote na kwa kila mwombaji, kwa hiyo nunua ya mkeo ya safari nzima na yako ya siku za likizo. La pili, tiketi zenu zimekatwa mahali tofauti, na kwa shirika la ndege ninyi ni wageni msiojuana. Ndege ikichelewa na mkakosa ya kuunganisha, mnaweza kuhamishiwa ndege mbili tofauti. Mpigieni wakala aandike namba ya tiketi ya kila mmoja kwenye rekodi ya mwenzake. Ni kazi ya dakika tano.

Watoto wetu, wa miaka 4 na 9, watabaki na mama yangu Morogoro kwa siku 12. Tumwachie nini zaidi ya pesa ya matumizi? — *Baba Neema, Dar es Salaam*

Mwachieni mamlaka. Bibi akimpeleka mtoto hospitali usiku na akaambiwa panahitajika upasuaji, ataulizwa idhini ya mzazi, na wazazi wako angani. Andikeni barua yenye majina kamili ya watoto, tarehe zao za kuzaliwa, namba za kadi zao za bima, jina na namba ya kitambulisho cha bibi, na sentensi moja inayomruhusu kukubali matibabu kati ya tarehe fulani na fulani. Msaini wote wawili mbele ya wakili. Nakala moja ibaki kwa bibi, nyingine iende shuleni pamoja na majina ya watu wanaoruhusiwa kumchukua mtoto.

Dawa ziandikwe kwa kijiko na saa. Maneno “akipata homa mpe dawa” hayamsaidii mtu mwenye chupa mbili zinazofanana. Kama mmoja ana pumu au mzio, bibi aonyeshwe namna ya kutumia kifaa kabla hamjaondoka.

Pesa msimpe yote siku ya kwanza, wala msitegemee kutuma kila siku kutoka Ulaya. Mwachieni nusu, na nusu iwe kwa shangazi au jirani mwaminifu aliye karibu naye.

Kuhusu simu: mwezi Juni Geneva iko nyuma yetu kwa saa moja, na kuanzia Jumapili ya mwisho ya Oktoba hadi ya mwisho ya Machi ni saa mbili. Watoto wanapokwenda kulala saa 2 usiku, Geneva ni saa 1, wakati ambao mwenye mkutano yuko kwenye hafla. Asiyekuwa na mkutano ndiye apige, saa 10 jioni ya Morogoro, mtoto akiwa ametoka shule na ameshakula. Kwa yule wa miaka 4, simu ya wakati wa kulala mara nyingi huamsha kilio alichokuwa ameshakisahau.

Tukiwa Paris, tunaweza kwenda London kwa siku moja? — *J.M., Arusha*

Si kwa viza hiyo. Uingereza haimo Schengen na ina viza yake. Hata mkiwa nayo, mkitoka Ufaransa mmeshaondoka Schengen, na viza ya kuingia mara moja haiwarudishi Paris kupanda ndege yenu.

Simu na kadi za benki zitafanya kazi huko? — *Msomaji, Mombasa*

Zitafanya, mkiziandaa nyumbani. Washeni huduma ya kutumia laini nje ya nchi kabla ya kupanda ndege, kwa sababu namba ya siri ya benki huja kwa ujumbe mfupi kwenye laini ya Kenya. Zimeni data ya laini hiyo. Kwa intaneti nunueni eSIM, yaani laini inayowekwa kwenye simu bila kadi, lakini someni orodha ya nchi: vifurushi vingi vya “Ulaya” huishia Umoja wa Ulaya, na Uswisi haimo.

Uswisi hutumia faranga, Ufaransa yuro. Mashine ikiwauliza mlipe kwa shilingi au kwa sarafu ya pale, chagueni ya pale. Ile ya shilingi hubadilishwa kwa kiwango cha mwenye mashine. Plagi zetu za pini tatu haziingii kokote kuwili, na tundu la Uswisi halipokei plagi nene ya duara ya Ufaransa, basi nunueni adapta inayotaja Uswisi kwa jina. Umeme wenyewe ni volti 230, hamna haja ya transfoma.

Ndugu yetu Lausanne anaomba samli, nyama kavu na maembe. — *Bi. S., Unguja*

Nyama na samli hapana, hata kidogo. Vitachukuliwa forodhani, na faini inaweza kufuata. Embe linahitaji cheti cha afya ya mimea. Nanasi, nazi, ndizi na tende havihitaji. Dagaa na samaki wakavu wa kula nyumbani huruhusiwa hadi kilo 20 kwa mtu, ila vifungwe mara tatu, kwa sababu suti ya mkutano imo kwenye sanduku hilohilo.