Matundu mawili kwenye wosia wa baba

Wosia wa baba ulikuwa na kurasa tatu, zimeshikwa na pini pembeni. Nilitaka kutoa kopi moja kwa kila mtoto, na mashine ilikuwa inakwamisha karatasi, basi nikaichomoa pini kwa ukucha. Nilipomaliza nikabana upya, nikaona nimefanya kazi safi.

Wakili aliuinua ule wosia dirishani akaangalia matundu. Yalikuwa mawili mapya na mawili ya zamani. "Nani amefungua hii?" Nikajitaja. Ikabidi niandike hati ya kiapo kueleza pini ilitolewa lini, kwa nini, na kwamba hakuna ukurasa ulioongezwa wala kupunguzwa. Tukachelewa kwa ajili ya pini! Kwa hiyo ukiukuta wosia halisi, usiuchane, usiubandue, usiuandike juu. Utie kwenye bahasha uupeleke kama ulivyo.

Nilichelewa kumwona wakili kwa sababu nyumbani tulisema sisi hatugombani, wakili wa nini? Ni kweli hatukugombana, lakini karatasi zilituelemea: cheti cha kifo ambacho kila ofisi ilitaka nakala yake iliyothibitishwa, orodha ya mali na madeni, maombi ya kuthibitishwa kuwa msimamizi wa mirathi. Kabla ya kuthibitishwa, benki haikuniambia hata salio. Kadi ya baba nilikuwa nayo, namba ya siri naijua, na nashukuru sikuitumia. Ruhusa aliyonipa akiwa hai ilikwisha siku aliyokufa.

Suala la ada liulize siku ya kwanza, na upewe kwa maandishi. Wapo wanaotoza kwa saa, wapo wa ada moja kwa kazi nzima, wapo wanaotaka asilimia ya thamani ya mali. Mimi hiyo ya asilimia siipendi. Nyumba moja yenye hati safi inaweza kuwa na thamani kubwa na kazi ndogo, sasa unalipia nini? Uliza pia kazi zipi unaweza kuzifanya mwenyewe. Mimi ndiye niliyezunguka kukusanya barua za benki na bima, na bili ikapungua. Kwenye bima ndipo nilipojua kwamba malipo yenye jina la mnufaika mara nyingi hayaingii kwenye mirathi kabisa. Huenda moja kwa moja kwa aliyetajwa.

Na ujue wakili ni wa nani. Dada yangu alimpigia simu yule wangu kuomba ushauri kuhusu fungu lake, akaambiwa kwa upole atafute wa kwake. Alikasirika, akadhani nimempanga. Kumbe wakili wa msimamizi anamshauri msimamizi, na maslahi ya mrithi yanaweza kugeuka upande mwingine wakati wowote. Laiti ningewaeleza wote mapema.

Kaka yeye alitaka pesa zigawanywe mara tu akaunti ilipofunguliwa. Wakili alinikataza: madeni kwanza, na msimamizi akigawa kabla ya kulipa anaweza kudaiwa mfukoni mwake. Kaka akaacha kupokea simu zangu. Mwezi wa saba ikaja barua ya mkopo ambao hakuna kati yetu aliyewahi kuusikia. Nilimpelekea aisome mwenyewe. Aliisoma mara mbili, akaikunja, akaniuliza kama pesa ya kuulipa bado ipo.

Ilikuwepo.