Kwa Nini Ziwa Limeukimbia Mwembe wa Ujiji?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa historia hapa Ujiji. Kila ninapowapeleka wanafunzi kwenye kumbukumbu ya Livingstone, mmisionari na mpelelezi kutoka Uskoti, iliyo penye miembe, huniuliza jambo lilelile: ikiwa mgeni huyo aliishi kando ya Ziwa Tanganyika, mbona kutoka kwenye miembe hadi majini ni mwendo? Nami naongeza la kwangu: kwa nini ufuko wetu ni tambarare, ilhali ukipanda boti Kibirizi, kituo cha boti karibu na mji wa Kigoma, kuelekea Gombe unakuta milima imeingia ziwani moja kwa moja?
Mwalimu, Ujiji

JIBU: Mwalimu, wanafunzi wako wameuliza swali ambalo watu wazima wengi hulipita. Kumbukumbu haijahama, kilichohama ni maji. Stanley, mwandishi wa habari aliyekuja kumtafuta Livingstone, alipofika Ujiji Novemba 1871, akalakiwa kwanza na Susi, mtumishi wa Livingstone, kabla ya kumwona Livingstone mwenyewe, ziwa lilikuwa juu kuliko lilivyo leo na lilikuwa likiendelea kupanda. Aliporudi mwaka 1876 aliikuta miti mitatu ya jamii ya mchikichi, ambayo aliiacha imesimama sokoni, sasa iko ndani ya ziwa, na ufuko ambao yeye na Livingstone walikuwa wakiutembelea asubuhi umefunikwa.

Sababu iko ng'ambo, upande wa Kongo. Ziwa Tanganyika hupokea mito mingi, mkubwa wake kwa upande wetu ukiwa Malagarasi, lakini lina mlango mmoja tu wa kutolea maji, nao ni mto Lukuga. Zama hizo mlango huo ulikuwa umezibwa na tope na majani, kwa hiyo maji yakajaa kwa kukosa pa kwenda, hadi mwaka 1878 yalipokipasua kizibo hicho na kumiminika kuelekea mto Kongo. Katika muda usiofika miaka 20, uso wa ziwa ulishuka takriban mita 10. Penye majabali yaliyosimama wima, kushuka kwa kiasi hicho kulisogeza ukingo hatua chache tu. Ujiji, ambako ardhi huteremka polepole, kuliacha nchi kavu pana ambayo watu waliigeuza kuwa mashamba na makazi. Wala jambo hili halijawa historia tu, kwani katika miaka ya karibuni maji yamepanda tena na kuingia katika makazi ya kandokando, na Kibirizi wanalijua hilo vizuri.

Sasa nije kwenye swali lako mwenyewe, la ufuko tambarare na milima ya Gombe. Ziwa letu limelala katika tawi la magharibi la Bonde la Ufa, mahali ambapo ardhi ilipasuka, sehemu moja ikadidimia na kingo zake zikabaki juu. Ndiyo maana lina urefu wa kilomita zipatazo 670 lakini ni jembamba, na kina chake kinafika karibu mita 1,470, likiwa la pili kwa kina duniani baada ya Baikal la Urusi. Ukingo wa ufa huo ndio unaouona Gombe: kutoka majini, ambako ni mita zipatazo 770 juu ya usawa wa bahari, mlima hupanda hadi zaidi ya mita 1,500 katika umbali ambao kijana mwenye pumzi huumaliza asubuhi moja. Ujiji kuko tofauti kwa sababu ya mito. Luiche, unaoingia ziwani kusini ya mji, umekuwa ukimwaga mchanga na tope kwa karne nyingi, ukajaza na kusawazisha.

Umbile hilo ndilo lililoamua historia ya miji yetu. Ufuko tambarare wa Ujiji uliyafaa majahazi na mitumbwi inayovutwa mchangani, na ukawa kituo cha ziwani cha njia ya misafara kutoka Bagamoyo kupitia Tabora. Meli kubwa zilihitaji kina na kinga dhidi ya mawimbi, na vyote viwili vilipatikana katika ghuba ya Kigoma, nyuma ya rasi ya Bangwe. Reli ilipofika mwaka 1914, ilikwenda huko. Ujiji ukabaki na jina lake.

Nikuombe jambo moja, Mwalimu. Usiwaache watoto waondoke pale wakikumbuka maamkizi ya wageni wawili peke yake. Chini ya miembe hiyo walipita watu waliokamatwa ng'ambo ya ziwa, wakavushwa kwa mitumbwi na kutembezwa hadi pwani, na wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba pembe za ndovu mabegani. Wengi wa wanafunzi wako, hasa wenye asili ya Kimanyema, yaani ya Manyema huko Kongo, wanasomeshwa historia ya mababu zao bila kuambiwa kuwa ni yao. Waeleze hapo kwenye kumbukumbu, kisha watembee nawe hadi mwaloni, pale ufukoni mitumbwi inapotia nanga, wahesabu hatua wenyewe.

SWALI: Nimeambiwa Gombe hakuna kitu ila sokwe. Je, ni kweli?
Msomaji, Tabora

JIBU: Si kweli, ingawa sokwe, ambao mtafiti Mwingereza Jane Goodall alianza kuwachunguza mwaka 1960, peke yao wanatosha kukutoa Tabora. Hifadhi hiyo ya taifa, iliyotangazwa mwaka 1968, ni ndogo na haifikiki kwa gari. Ukiwa kwenye boti, tazama majini palipo na miamba: maji ni maangavu, na utaona samaki wadogo wakichuna ukijani juu ya mawe. Baadhi yao hawathubutu kuvuka eneo la mchanga, hivyo jamii moja ya samaki huwa na rangi hii katika majabali haya na rangi nyingine kabisa katika majabali yanayofuata. Katika vijiji vya jirani utakuta dagaa waliovuliwa kwa taa usiku wa giza wametandazwa juani, na akina mama wakiwageuza kabla jua halijawa kali. Ukipata nauli ya kwenda mbali zaidi, teremka kusini hadi Mahale, nchi ya Watongwe kabla haijatangazwa kuwa hifadhi mwaka 1985, ambako kilele cha Nkungwe kinafika mita 2,462 na kivuli chake huanguka ziwani.